Mwanangu, umeniuliza kuhusu yule daktari wa Kifilipino

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nikiwa sokoni Mgandini kelele tupu, mbili nikiwa nyumbani nimefunga mlango. Unasema yule nesi Mfilipino mnayeingia naye zamu huko Ujerumani mmebishana usiku kucha habari za José Rizal, yule daktari wa macho na mwandishi wa Ufilipino enzi za utawala wa Wahispania, yeye anasema Rizal alifanya la maana kurudi kwao, wewe unasema alikosea, angebaki Ulaya aandike vitabu vyake na kutibu macho ya watu angezeeka vizuri tu, kuliko kurudi kupigwa risasi na miaka 35. Na sasa unaniuliza mimi mwalimu wako wa historia wa kwanza: mama, alikosea au hakukosea?

Kile kitabu cha maisha yake ulichoniachia nimekimaliza. Mwanzoni mtoto wa kaka yako ndo alikuwa ananisomea jioni, baada ya jicho la kushoto kufanyiwa operesheni nikamalizia mwenyewe, herufi zote naziona. Kwahiyo nakujibu kama mtu aliyesoma, ila nitaanzia pale ambapo nyie wawili hamkupagusa kabisa.

Mama yake. Teodora Alonso. Mwaka 1871 walimkamata wakasema amekula njama na kaka yake kumpa sumu wifi yake, wakamtembeza kwa miguu kutoka mji wao wa Calamba mpaka Santa Cruz, kama kilometa 50, mwanamke wa heshima zake mwenye watoto nyumba nzima, akakaa ndani miaka miwili na nusu. José alikuwa na miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi anaelewa kila kitu, wewe mwenyewe ulikuwa na miaka hiyo hiyo babaako alipopunguzwa kazi bandarini na ulijua kabla sijakwambia. Halafu macho ya mama yule yakaanza kuingia ukungu, ndo huu mtoto wa jicho ninaoujua mimi. Mei 1882 kijana akapanda meli kwenda Hispania, wazazi hawakuambiwa, aliyejua ni kaka yake Paciano ambaye ndo alimtafutia hela. Udaktari akausomea Madrid, macho akaenda kujifunza Paris na huko huko kwenu Heidelberg mwaka 1886, kwa sababu ya mama.

Watu wote wanamlilia José, mimi nimemlilia Paciano. Paciano alibaki akalima miwa na kumtumia mdogo wake hela ya kula. Unanijua, siku zote nasema waulizwe waliobaki. Kwenye hii habari yote ya kurudi na kutorudi mtu wa kwanza kuulizwa sio anayerudi, ni aliyebaki.

Basi Agosti 1887 akarudi. Watu wa Calamba wakawa wanamwita Doktor Uliman, yaani daktari wa Ujerumani, wanakuja kutoka mbali kuonyesha macho yao. Lakini mwaka ule ule kitabu chake Noli Me Tangere kilikuwa kimeshatoka Berlin, na mapadri walikuwa wamechachamaa, Paciano akawa hamwachi peke yake siku zile za kwanza, anaogopa watamdhuru. Na kile kitabu kinahusu nini? Kijana anaitwa Ibarra, karudi baada ya miaka saba Ulaya, anataka kujengea watu wa kwao shule, anadhani akiwa mpole na akifata sheria mambo yataenda. Yaani huyu mtu aliandika safari yake mwenyewe kabla hajaifunga mizigo. Kuna mahali Ibarra yuko kwenye mtumbwi na mtu anaitwa Elías, Elías anamletea malalamiko ya watu, Ibarra anayakataa, hayuko tayari. Baadae anapoumizwa yeye mwenyewe ndo anataka kuwasha moto, na sasa Elías ndo anamzuia, anamwambia watakaoungua ni wale wasio na silaha wala hatia. Hapo niliweka kitabu chini nikaenda kukaa nje. Nilimkumbuka mjomba wako.

We mjomba wako unamjua wa uzeeni, yule wa kahawa na redio. Mimi namjua aliyeshuka kwenye treni na sanduku la vitabu baada ya miaka sita Urusi kusomea kilimo, suruali pana, anaongea haraka haraka. Ilikuwa miaka ya themanini kule Muheza. Mkonge umeshuka bei kwa ajili ya hizi kamba za nailoni, shamba lile la karibu na kwa bibiako lilikuwa limeacha vitalu vingi porini, na watu wetu walikuwa wanalima mahindi kwenye vile vitalu, wanalipa kwa siku za kazi, hakuna risiti hakuna karatasi, msimamizi akiamka vibaya siku zinaongezwa. Mjomba wako akakaa nao wiki tatu akapima kwa hatua, akaandika kila nyumba inalima kiasi gani na inatoa siku ngapi, kurasa nne kwa mwandiko wake ule mzuri. Barua ya adabu kabisa, hakuna tusi, inaomba tu wapewe maandishi.

Aliyezunguka kuchukua saini ni mimi. Nilikuwa nimeanza kazi mwaka wa pili, nikaazima pedi ya wino ya shule nikaenda nyumba kwa nyumba. Mtu wa kwanza kuweka dole gumba alikuwa bibiako. Wa pili jirani yake, yule mama wa mwembe mkubwa, ambaye hukumkuta lakini jina lake unalisikia kila tukifanya hitma. Alisita. Akauliza, mwalimu, hii haitaniletea neno? Nikamwambia mama weka tu, hakuna kitakachotokea. Akaweka. Nikamfuta dole kwa kanga yangu.

Mjomba wako akapata kazi Dar mwezi uliofuata, akaenda, na haki yake kwenda. Barua ilifika. Walikuja alfajiri na mapanga wakafyeka, mahindi yameshabeba, ndevu bado laini, wakaanza na wale waliokuwa juu kwenye orodha. Yule mama alikuwa anaokota mahindi machanga anayaweka kwenye ungo, machanga hayafai hata kuchoma, yanatoa maji tu, na hakunisema. Angenisema ningepona. Alinipa manne niwapelekee watoto wa shule.

Sasa msome Rizal. Mwisho wa mwaka 1887 serikali yenyewe iliuliza habari za mashamba ya mapadri wa Kidominika pale Calamba, Rizal akasaidia kuandika ripoti, kodi inapanda hata mavuno yakiwa mabaya, aliyesafisha ardhi kwa jasho lake ananyang'anywa, na watu wa mji wakaisaini Januari 1888. Mwezi wa pili Rizal kaondoka, wamemwambia ukibaki utauawa na utatuponza. Waliobaki wakafikishwa mahakamani, wakashindwa mpaka Madrid, mwaka 1890 wakaletwa askari, watu wakatolewa majumbani, hata nyumbani kwa kina Rizal wakatolewa. Paciano na shemeji zake wakahamishwa kwa nguvu. Shemeji mwingine alikufa kwa kipindupindu mwaka 1889 wakakataa kumzika kwenye makaburi ya Kikristo, kisa ni mume wa dada yake Rizal. Yeye yuko London, yuko Brussels, anapokea barua.

Nikifika hapo nakasirika, nasema ona, msomi anakuja anaandika anaondoka, bei wanalipa wengine. Halafu najiuliza, sasa ulitaka asiandike? Kodi ile ilikuwa dhuluma au haikuwa? Walisaini wenyewe, watu wazima, hakuna aliyeshikwa mkono. Na yule mama naye nilimshika mkono? Sikumshika. Lakini nilimwambia hakuna kitakachotokea, na sikuwa najua, nilikuwa na miaka ishirini na tatu na pedi ya wino. Hilo ndo linanirudia. Barua haikuwa na makosa hata moja, ile ahadi yangu ndo ilikuwa na makosa.

Ndo maana 1892 namwelewa zaidi kuliko 1887. Mwisho wa 1891 familia ilimfata Hong Kong, na hapo mkono wake ndo ukafanya kazi ulioendea Ulaya, akamfungua mama jicho. Angekaa. Wagonjwa walikuwepo, bahari ipo, baba yupo, mama anaona. Lakini Juni 1892 akaandika barua mbili akazifunga, zifunguliwe akifa, na anaomba radhi kwa wazazi na ndugu zake, kwamba hawezi kuendelea kuishi huku wengine wanateswa kwa ajili yake. Mtu huyu hakurudi kuonyesha ushujaa mwanangu, alirudi kwa sababu alihesabu nani analipa. Tarehe 26 akashuka Manila na dada yake Lucia, mjane wa yule yule shemeji aliyenyimwa kaburi, Julai 3 akaanzisha La Liga Filipina, chama cha Wafilipino cha kudai mageuzi kwa amani, siku tatu baadae wakamkamata.

Wakampeleka uhamishoni Dapitan, kisiwa cha Mindanao, miaka minne. Alipata bahati nasibu kule akampa baba yake sehemu ya hela, akafungua shule ya watoto wa kiume, akavuta maji ya mji, akatibu. Mama akamfata. Mwaka 1894 akamfanyia jicho la pili, likaenda vizuri, na siku tatu baadae mama yule akaanza kuamka mwenyewe, anaifungua bandeji anairudisha, akiambiwa anasema hakuna kitakachotokea, mpaka jicho likavimba. Rizal akaandika sasa ndo nimeelewa kwanini daktari hatakiwi kutibu watu wa kwao. Hapo nilifurahi sana, sijui kwanini, nilimwona kabisa huyo mama kaketi na bandeji mkononi. Ningefungua na mimi. Mtu umekaa gizani miaka yote hiyo, wanakwambia kuna mwanga nyuma ya kitambaa, utasubiri?

Na 1896 walipomjia wenye mpango wa vita na Wahispania, daktari Pio Valenzuela akaja na mgonjwa kipofu kama kisingizio cha safari, Rizal akakataa, watu hawana silaha, watakufa bure. Huyo nesi wako sijui anasemaje hapo. Kuna wanaomlaumu mpaka leo, alikataa kusimama na wananchi. Na mimi mwenyewe sijatulia, kwa sababu vita vilikuja hivyo hivyo bila yeye, na Desemba 30 mwaka huo huo wakampiga risasi pale Bagumbayan, Manila, kama vile alivianzisha. Alikataa ili wasife, akafa, na wao wakafa. Sasa mtu anachagua wapi hapo? Siku ya mwisho mama alikwenda kumwona alikofungwa Fort Santiago, askari hawakuwaacha wakumbatiane. Wakamzika kwa siri. Aliyezunguka makaburini kumtafuta ni dada yake Narcisa, mpaka akaona Paco udongo mpya na askari wamesimama, akamwomba mlinzi aweke jiwe lenye herufi RPJ, herufi za mwanzo za José Protasio Rizal kinyume nyume, ili wasijue. Aliyebaki tena. Waulizwe waliobaki mwanangu, ndo wanajua kaburi liko wapi.

Unataka niseme. Ulimi unaniwasha. Nikisema alikosea najua utapumua, utasaini mkataba wa miaka mitano na hospitali yako, na hakuna atakayekulaumu, mimi wa kwanza sitakulaumu. Nikisema hakukosea utaona nimekwambia fungasha, na utafungasha, kwa sababu wewe ni mtiifu kuliko unavyojidhania, halafu siku moja utakuwa kwenye korido ya hospitali hapa hakuna lenzi hakuna nyuzi na wagonjwa mia wamekaa chini, utanikumbuka. Nilishamwambia mtu weka dole hakuna kitakachotokea. Sirudii kwa mwanangu wa kumzaa.

Nina ninachokiona moyoni, kipo. Nikikwambia uso kwa uso labda kitatoka, kwenye simu hakitoki.

Lile karatasi la saini nakala yake ninayo, mjomba wako aliniachia, liko kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vyako. Madole yamefifia lakini la yule mama linaonekana mistari yote. Ukija nitakuonyesha.

Halafu jicho la kulia wamesema mwezi wa tatu, huko huko Moshi, na yule yule daktari kijana. Sitaki ulifanye wewe. Nataka uwepo zile siku tatu baada yake, unizuie mkono nisiifungue bandeji.

Mama yako