Picha za usiku Forodhani kutoka na ukungu na chenga

Hongera kwa kamera ya kwanza, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini picha zako za usiku pale Forodhani, Zanzibar, zina ukungu na chenga, wakati za mchana ni safi. Kamera ni nzima. Ukiiacha ijiamulie yenyewe gizani, inapandisha ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400, ndiko chenga zinakotoka, na bado shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie) inakaa wazi muda ambao mkono hauwezi kutulia.

Kwa kuta za Ngome Kongwe, tumia stendi ya miguu mitatu. Huna? Weka kamera juu ya ukuta, kanga iliyokunjwa chini yake. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100, tundu la lenzi f/8, shata anza na sekunde 10. Piga kwa taima ya sekunde 2, maana kidole tu kinaitikisa. Fokasi ifanye kwa mkono: kuza taa moja ya mbali kwenye skrini, zungusha lenzi taratibu mpaka ile taa iwe nukta ndogo kabisa. Hapa ndipo wengi tunapokosea, usipaharakishe.

Majahazi ni habari nyingine. Yanayumba, sekunde 10 zitayafuta. Fungua lenzi hadi f/3.5 (namba ndogo, tundu kubwa), ISO 1600, shata 1/8 ya sekunde.

Na nenda mapema! Kwetu giza huingia haraka. Dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, anga bado ni buluu na taa zimeshawaka. Mimi huo ndio muda ninaoupenda kuliko wote. Jaribu kesho, utuwekee picha tuzione.