Nikivua kombati, simjui aliyebaki

"Shikamoo shangazi. Mimi ni askari, nina miaka 25, kwetu ni Bahi. Nina mwezi wa pili tangu nirudi kutoka Kongo mashariki. Tulikwenda kulinda amani, lakini tulikokuwa risasi zililia. Siku moja tukiwa doria, mtoto aliyebeba kidumu cha maji alinitazama akauliza, 'Weye uko nani?' Sikumjibu, na swali lile nimerudi nalo. Kambini mimi ni afande. Nyumbani mama ananiita jina la babu, naitika kama vile ameitwa mtu mwingine. Nikivua kombati simjui aliyebaki. Usingizi nao umekimbia. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa safari, karibu nyumbani.

Vijana wetu wanakwenda huko tangu 2013, Umoja wa Mataifa ulipounda kikosi maalumu cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi chenye ruhusa ya kuwashambulia waasi. Desemba 2017 tulilia nchi nzima kwa ajili ya wenzako waliouawa kambini kule Semuliki. Kwa hiyo nakuelewa. Kazi yako inaitwa amani, na uliyoyaona ni vita. Ukikaa muda mrefu katikati ya maneno hayo mawili, si ajabu ukashindwa kujiita hata wewe mwenyewe. Huo si udhaifu, na usikubali mtu akwambie ni udhaifu.

Baba yangu alikuwa mgambo mwaka 1978, Mwalimu alipotangaza redioni kwamba tunampiga Idi Amin. Alikwenda, akarudi mwaka uliofuata. Buti zake aliziweka mlangoni mwa tembe letu, ncha zimeelekea nje, kamba zimelegezwa tayari kuvaliwa. Mama akizigeuza mchana, asubuhi tunazikuta zimeelekea nje tena. Sisi wanawe alikuwa akituita "nyie raia".

Kilichoanza kumrudisha hakikuwa mawaidha, maana hayo alipewa mengi. Bibi alimwomba amsaidie kupura uwele. Walipura siku nzima bila neno. Jioni, akijipangusa makapi shingoni, akaanza kumweleza mama yake kwa Kigogo habari za rafiki aliyemwacha kaburini Uganda. Nilikuwa nyuma ya kihenge, mtoto wa miaka tisa, sikuelewa yote. Nakumbuka tu bibi hakumkatisha wala hakumwambia ajikaze. Buti zilikaa mlangoni mwaka mwingine mzima, sitakudanganya. Lakini tangu siku ile alituita kwa majina yetu.

Fikiria jando. Mtoto hatoki porini peke yake. Wazee wanamleta, kina mama wanapokea kwa nyimbo na vigelegele, kila mtu anajua huyu alikwenda na sasa amerudi. Wewe umeshuka stendi na begi lako, ukapanda bodaboda hadi kwenu. Nani alikupokea? Mwambie mjomba au baba mdogo unayemwamini akuitie ndugu, hata wawe watano, mle ugali na mlenda pamoja. Si sherehe. Ni ili ukoo useme mbele yako kwamba umefika.

Halafu mtafute mama yako, mkiwa na kazi mikononi, umweleze. Siri za jeshi ziache jeshini. Hakuna anayekuuliza mlipita wapi wala mlikuwa wangapi. Yule mtoto wa kidumu si siri ya jeshi. Mweleze huyo. Anza naye.

Kuhusu usingizi, usingoje. Nenda hospitali ya jeshi, au hospitali yoyote yenye mtaalamu wa afya ya akili, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Najua hapa Dodoma ukitaja mambo hayo watu wanakimbilia kusema "huyo wa Mirembe" na kucheka. Waache wacheke. Mirembe ni hospitali, na watu wanatibiwa pale wakarudi makwao. Na ukianza kuwaza kujidhuru, mwamshe mtu usiku huohuo, usisubiri kukuche. Pombe iweke mbali kwa sasa, maana itakulaza kwa saa mbili na kukukeshesha zilizobaki.

Kombati usiichukie. Aliyeivaa ni wewe, na aliyekosa jibu mbele ya mtoto yule ni wewe pia.

Niandikie tena. Safari hii nieleze huyo babu unayeitwa jina lake alikuwa mtu wa namna gani. Kama hujui, muulize mama leo, kabla hajaenda kulala.