Umri wa waigizaji kwenye The Longest Day

Umeuliza kama wanajeshi waliovamia Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 walikuwa watu wazima kama waigizaji wanaowaigiza kwenye The Longest Day, filamu ya 1962 kuhusu uvamizi huo. Inategemea cheo. John Wayne alizaliwa 1907, kwa hiyo filamu ilipopigwa alikuwa na miaka 54. Luteni Kanali Benjamin Vandervoort, anayemwigiza, alikuwa na 27 tu aliporuka Normandy. Pengo hilo halifichiki. Askari wa miavuli waliongozwa na vijana kwa sababu kuruka usiku na mzigo mzito kunavunja hata mifupa michanga: Vandervoort mwenyewe alivunjika kifundo cha mguu alipotua, akakaza kamba za buti na kuendelea kuongoza batalioni yake, bunduki ikiwa mkongojo. Mzee wa miaka 54 asingepewa kazi hiyo.

Lakini usilaumu kila mvi. Henry Fonda ni Brigedia Jenerali Theodore Roosevelt Mdogo, na huyo kweli alikuwa na miaka 56, akitembea na bakora kwenye ufukwe wa Normandy ulioitwa Utah. Mwezi uliofuata moyo ulimuua. Kwa Robert Mitchum mambo yamegeuka: Jenerali Norman Cota, anayemwigiza, alikuwa na 51, mwigizaji ndiye mdogo.