Sayari Ina Miezi Miwili. Maji Yanakupwa Lini?

Hadithi yangu ya kwanza ya sayari ngeni ilikuwa na miezi miwili angani, mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Niliiweka kwa sababu ilipendeza. Jioni moja nikamsomea mjomba wangu barazani kwake Sahare, hapa Tanga. Amevua kwa ngalawa tangu ujana wake. Alisikiliza mpaka mwisho huku akishona wavu, kisha akauliza:

"Mwanangu, bahari hiyo inakupwa?"

"Inakupwa, mjomba."

"Lini? Huu mwezi wetu mmoja tu unatuamsha usiku wa manane. Wewe umeweka miwili, na watu wako wanaingia baharini saa yoyote wanayotaka."

Sikulala vizuri usiku ule. Mvuvi yeyote wa pwani hii anajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Sababu ni kwamba jua nalo linavuta bahari, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi, na mvuto wao huungana au hupingana. Sasa nikachukua karatasi. Mwezi wangu mwekundu nikaupa mzunguko wa siku 20, mweupe siku 30. Hesabu inasema itakutana upande mmoja wa anga kila baada ya siku 60, na katikati, siku ya 30, itakaa pande mbili zinazotazamana. Mara zote hizo mbili maji ya bamvua yatakuwa makubwa kupita mengine.

Kutokana na hesabu hiyo hadithi nzima ilijijenga upya. Nyumba zikapanda juu ya nguzo. Harusi zikawekwa kwenye maji mafu, maana ndipo njia za pwani zinapopitika. Mtoto aliyezaliwa usiku wa maji makuu akapewa jina lake maalumu. Sikubuni vitu hivyo kimoja kimoja. Nilikuwa nafuata tu deni la ile miezi miwili. Ushauri wangu mkubwa ndio huu: badilisha jambo moja la maumbile, kisha ulilipie kila mahali. Mwandishi anayebadilisha mambo kumi bila kulipia hata moja anachora mapambo.

Mfano wa kweli upo. Mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza sayari inayozunguka Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, kiasi cha miaka 4.2 ya mwanga, yaani mwanga wake hutufikia baada ya muda huo. Mwaka wake ni wa siku 11 hivi za kwetu. Mtoto wa darasa la nne kule angekuwa na miaka zaidi ya 300! Basi watu wa huko hawawezi kuhesabu umri kwa miaka, na inawezekana upande mmoja wa sayari unaitazama nyota daima, hivyo hata neno "kesho" lina mashaka. Hapo una riwaya tayari, na bado hujaweka kiumbe.

Kwenye viumbe nilikwama muda mrefu zaidi. Niliwakuza kaa mpaka wakawa na ukubwa wa nyumba, nikaona nimefanya kazi. Lakini ukimkuza kaa mara 10 kwa urefu, uzito wake unakuwa mara 1,000, wakati eneo la mguu unaombeba, pale ungeukata na kulipima, linaongezeka mara 100 tu. Miguu itavunjika. Ama umpe sayari yenye mvuto mdogo, ama umwache majini, ama umnenepeshe miguu kama tembo.

Aliyenifungua macho ni mkaza mjomba. Maji ya bamvua yalipotoka alinichukua mwambani kutafuta pweza. Hakutafuta pweza mwenyewe. Alitafuta magamba ya kaa na makombe yaliyorundikwa mbele ya tundu. "Huyu amekula jana," alisema, akaingiza fimbo. Pweza alitoka akiwa na rangi ya jiwe, akageuka mweupe kama karatasi, kisha mwekundu wa kukolea, yote kabla sijavuta pumzi mbili. Tangu siku ile simwonyeshi kiumbe wangu uso kwanza. Naanza na alichokula, njia aliyopita, tundu lake.

Na pweza mwenyewe ni somo. Ana mioyo mitatu: miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja mwilini. Damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba, siyo kwa chuma kama yetu. Zaidi ya nusu ya seli zake za neva ziko mikononi. Kiumbe wa namna hiyo akijifunza kusema, atasema "mimi" au "sisi"? Nimekaa na swali hilo miezi mingi, na naliona lina thamani kuliko pembe na macho matano ya kubandika.

Jambo la mwisho, nalo ni letu sisi tunaoandika Kiswahili. Usikimbilie kutafuta maneno mageni wakati ngeli ziko mkononi. Kitu kikiwa kitu tu, kinachukua KI-VI, I-ZI, LI-YA na kadhalika. Kikiwa mtu au mnyama, kinaingia A-WA. Katika hadithi yangu msichana anaokota jiwe jeusi kwenye matope ya mikoko. Kurasa nne nzima jiwe hilo "linang'aa", "linapoa", "limelala" juu ya kabati la mama yake. Halafu usiku wa maji makuu anashtuka na kumwambia mdogo wake, kwa sauti ya chini: "Funga mlango. Ameamka." Sikuandika sentensi nyingine ya kueleza.