Ligi ya dainasti haiishi Februari: kwa wewe unayeanza

Mdogo wangu anaishi Ohio, na mwaka jana aliingia ligi ya dainasti na wenzake wa kazini: mchezo wa kuunda timu yako kwa wachezaji halisi wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani. Jumatatu baada ya Super Bowl, fainali ya NFL, akanipigia: "Kaka, si tumeshamaliza? Tutaonana Septemba." Nikamwambia asikate simu. Kama wengi wetu, amekulia kwenye Fantasy Premier League, ambako kila Agosti unapewa pauni milioni 100 na kuanza upya. Huku hakifutwi kitu. Mchezaji uliyemchukua ni wako mpaka umuuze, umwache au astaafu. Ile miezi saba isiyo na mechi ndiyo miezi ya kujenga kikosi, na mgeni asiyelijua hilo hufika Septemba akiwa ameshapitwa.

Anza kwa kujua timu yako iko wapi hasa. Usitazame ushindi, tazama jumla ya pointi ulizopata msimu mzima, kisha ulinganishe na wenzako. Kwenye ligi ya watu 12 unaweza kuingia mchujo kwa sababu tu kila wiki ulikutana na mtu aliyeandamwa na majeruhi. Kama pointi zako ni za tisa, timu yako ni ya tisa, hata kama jedwali linakuweka wa nne. Mtu wa namna hiyo akinunua mkongwe wa miaka 30 "ili tumalizie kazi", anajifungia mlango kwa miaka miwili. Amua Februari, matokeo yakiwa bado mabichi: unawania ubingwa au unajenga?

Sasa umri. Hapa ndipo nilipoumia, nami naomba nikae kidogo.

Nilikuwa na Todd Gurley, ranibeki (mkimbiaji anayebeba mpira) wa Los Angeles Rams. Alitangazwa mchezaji bora wa mashambulizi wa NFL kwa msimu wa 2017. Julai 2018 Rams wakamwongezea mkataba wa miaka minne wa dola milioni 57.5, na msimu uliofuata akafunga tachidauni 21 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Kisha ikaja Super Bowl ya Februari 2019: alikabidhiwa mpira akimbie mara 10 tu, akapata yadi 35. Siku chache baadaye nilikuwa kwenye maegesho ya gari, zamu ya usiku inakaribia, simu ikaleta ofa: machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya drafti (zamu za kuchagua wachezaji wapya) pamoja na mpokeaji, yaani mdaka pasi, wa miaka 22. Nilibonyeza kukataa hata mlango wa gari sijaufunga. Gurley alikuwa na miaka 24, nikaona nadharauliwa. Kumbe dalili zote zilikuwa mezani. Tangu mwishoni mwa msimu alikuwa anagawana kazi na mkimbiaji mwingine, na habari za goti lake zilikuwa zinasikika. Machi 2020 Rams walimwacha akiwa na miaka 25. Akacheza msimu mmoja Atlanta, na huo ukawa wa mwisho.

Tangu hapo ranibeki namuuza mwaka mmoja mapema, watu wakiwa bado wanamlilia. Wengi wao hushuka ghafla wakikaribia miaka 27 au 28. Wapokeaji hudumu zaidi, kwotabeki, wale warusha pasi, ndio hudumu kuliko wote. Utaambiwa kuhusu Derrick Henry, aliyekimbia yadi 1,921 mwaka 2024 akiwa na miaka 30. Ni kweli, lakini Henry ni mmoja.

Daftari langu lina safu nne: jina, umri, mwaka mkataba unapoisha, na nani anamfuata kwenye nafasi yake. Safu ya tatu ndiyo wageni huisahau. Katikati ya Machi mwaka mpya wa NFL hufunguliwa na wachezaji waliomaliza mikataba huhama. Saquon Barkley alitoka Giants kwenda Eagles Machi 2024, na msimu huohuo akakimbia yadi 2,005. Mchezaji mzuri aliyekwama kwenye timu dhaifu na mkataba unaisha, mtafute Februari. Ukisubiri atangazwe kwenye timu mpya, bei utakuta imeshapanda.

Machaguo ya drafti yana bei yake ya msimu. Mwezi Oktoba, chaguo la raundi ya kwanza la mwaka ujao ni karatasi tu, na anayewania ubingwa atakupa kwa mkongwe wako mmoja. Drafti ya NFL, timu zinapochagua vijana wapya, ikikaribia mwishoni mwa Aprili, kila mtu anaiona nyota yake ndani ya karatasi hiyo. Bei hufika juu kabisa dakika zile zamu yako imefika kwenye drafti ya ligi yenu na mwenzako anamtaka kijana aliyebaki. Hapo sikiliza ofa. Machaguo ya mwisho nayo usiyatupe: mpokeaji Puka Nacua alichaguliwa wa 177, raundi ya tano, mwaka 2023, akadaka mara 105 kwa yadi 1,486, zote mbili zikiwa rekodi za mchezaji wa msimu wa kwanza wakati huo. Wengi wa raundi ya tano hupotea, kwa hiyo wape kiti cha majaribio, usiwape matumaini ya timu nzima.

Viti vyenyewe vihesabu mapema. Ukiwa na kikosi kilichojaa na machaguo matano mkononi, kuna watano utakaowaacha, na ligi nzima inakuona. Hakuna atakayekulipa Mei kwa mtu anayejua utamtupa kesho. Fanya Machi: toa wawili wa kawaida, chukua mmoja bora.

Benchi la teksi, zile nafasi za pembeni za wachezaji ambao bado huwachezeshi, liweke kwa vijana wanaohitaji muda, hasa kwotabeki. Jordan Love alichukuliwa na Packers raundi ya kwanza 2020, akakaa miaka mitatu nyuma ya Aaron Rodgers. Waliomwacha mwaka wa pili walimwona 2023 akiwa kwenye timu ya mtu mwingine.

Juni na Julai utaletewa video za mazoezi. Bila kukabwa kila mtu ni nyota; usinunue kwa video.

Agosti usilale. Tarehe 24 Agosti 2019 kwotabeki Andrew Luck alitangaza kustaafu akiwa na miaka 29, zikiwa zimebaki wiki mbili msimu uanze. Asiyekuwa na kwotabeki wa pili aliomba kwa majirani kwa bei ya dhiki. Mwisho wa mwezi timu za NFL hupunguza hadi wachezaji 53, na ndani ya saa chache utajua nani kati ya wale wako wa benchi ana kazi. Mdogo wangu nimemwambia siku hiyo asipange zamu ya mchana.