Kwa mnaoanza kazi ya usingizi na mna hamu ya kubuni vifaa

Wadogo zangu mnaoingia thieta hapa Mwanza, wengi mnanijia na michoro ya vifaa mnavyotaka kutengeneza. Nafurahi kweli. Ila swali langu la kwanza huwa hili: umeshawapa usingizi wagonjwa wangapi?

Sisi tunakaa kichwani pa mgonjwa. Kisu ni cha mwenzetu, pumzi ni yetu. Mtu akishapewa nusu kaputi ulimi hulegea ukarudi nyuma, njia ya hewa ikaziba, na dakika chache zinatosha kumpoteza. Archie Brain, daktari wa usingizi wa Uingereza, alipambana na jambo hilo kazini. Mwaka 1981 aliitazama barakoa ya puani ya madaktari wa meno, akaona ukingo wake unaweza kukaa vizuri kooni kuzunguka mlango wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Akaiunganisha na mrija, ikawa barakoa ya kooni inayoacha njia ya hewa wazi. Ilifika sokoni mwaka 1988, yaani miaka 7 ya kukata, kugundisha na kuanza upya. Jirani zetu Malawi, Paul Fenton alibuni mashine ya usingizi inayochuja oksijeni kutoka hewa ya chumbani, na umeme ukikatika mgonjwa anaendelea kuvuta hewa na dawa. Wote wawili walianzia kichwani pa mgonjwa.

Mimi nilifundishwa na usiku mmoja wa upasuaji wa uzazi. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa. Kila mtu alikuwa anahangaika na mwanga, nami sikugundua kwamba mashine ya oksijeni imenyamaza. Nilishtuka nilipomulika ulimi wa mama na kuukuta umeanza kuwa wa buluu. (Kwa ngozi zetu tazameni ulimi na ndani ya mdomo, msingoje kucha.) Nikashika ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, nikaminya hadi umeme uliporudi. Mama na mtoto walipona, lakini sikulala.

Nikamfuata fundi redio mmoja Makoroboi, tukaunda king'ora cha betri kinacholia mashine ikikosa umeme. Wauguzi wakakichomoa, maana kililia bila kukoma wakati wao wameshajua tatizo. Nikakasirika, na nilikosea. Tukaweka kitufe cha kukinyamazisha, kikanyamazishwa, kikasahaulika. Ndipo dada mmoja wa zamu akaniambia, "Daktari, kinyamaze dakika mbili, halafu kirudi chenyewe." Ndivyo kilivyo mpaka leo, na nikiulizwa nani alikibuni, namtaja yeye kwanza.

Kwa hiyo wekeni daftari mfukoni. Andikeni saa, kilichokwama, na mikono yenu ilifanya nini kuziba pengo. Kaeni na fundi wa vifaa tiba anapofungua mashine mbovu, mshikieni tochi. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya kifaa chake, mtaiulizia BRELA, wakala wa usajili, wala msiitangulize. Kwa mgonjwa, kifaa kisimguse kabla ya kibali cha kamati ya maadili na kabla hamjajua TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanataka nini. Mpaka hapo kijaribuni mezani, kwenye mfuko wa hewa, tena na tena, swichi ya ukutani ikiwa imezimwa.