Swali la lugha: magnesiamu imeviringishwa ama imesukumwa?

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Malindi anayesomea uhandisi, kaambiwa muhtasari wa ripoti yake autoe kwa Kiswahili naye akaandika hivi: "Aloi ya magnesiamu iliyoviringishwa yenye nafaka ndogo ina plastiki kubwa." Anauliza mbona mamake kacheka.

Mwanangu, hata mimi nimecheka, niwie radhi. Kinachoviringishwa ni jamvi, maulidi yakiisha watu wakiondoka. Magnesiamu yako imepitishwa kati ya rola mbili ikabanwa ikawa nyembamba, na hiyo kazi sisi tuna neno lake kila siku jikoni. Jana tu hapa Lamu nilikuwa nimekaa kando ya shangazi, donge nene liko kwenye kibao, mti unapita mara moja mara mbili, donge linatandaa linakuwa jembamba, na mtu akiuliza unafanya nini jibu ni nasukuma chapati, hakuna anayesema anaviringisha. Basi sema aloi (yaani mchanganyiko wa metali) iliyosukumwa.

Nafaka nayo ni mahindi na mtama, unanunua kwa gunia. Moja moja ni punje. Ukikisugua kipande chako king'are, ukakitia asidi kidogo ukakichungulia kwa darubini, utaona punje zimebanana, na ukitaka kivutike vizuri ziwe ndogo, chini ya mikromita 10 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Wengine husema chembe, si kosa kubwa, ila mimi chembe naiwekea atomi maana hizo zimo ndani ya punje, tusizichanganye.

Sasa plastiki, hapo ndipo mama alipoona ndoo 😄, kumbe wewe umekusudia "superplasticity" ya Kiingereza, yaani kurefuka sana bila kukatika. Kuna walioshauri "kunyumbuka", mimi sikubali, mpira ndio unaonyumbuka, ukiuachilia unarudi, na magnesiamu yako ikishavutwa hairudi. Chukua vuta uitie -ik-, kama vunja vunjika: vutika. Mfikirie mpika kashata, shira ikiwa moto inafuata mwiko kama uzi, ikipoa ukiivuta inakatika ka! Magnesiamu pia ikiwa baridi hupasuka mapema, lakini aloi kama AZ31, yenye alumini kama asilimia 3 na zinki asilimia 1, ukiipasha nyuzi 300 hadi 400 hivi za selsiasi ukaivuta polepole, punje zake zinateleza zikipishana nayo inarefuka kupita kiasi. Lakini usiandike "inavutwa" peke yake, watu watadhani ni na sumaku, na magnesiamu hainasi kwenye sumaku.

Kwa hivyo andika: "Aloi ya magnesiamu iliyosukumwa, yenye punje ndogo, ikipashwa moto huvutika kupita kiasi." Na pale chini ulipoandika imerefuka asilimia 200 "yaani mara mbili", futa, kipande cha sentimita 10 kikiongezeka asilimia 200 kinafika 30, hiyo ni mara tatu.